Kiti cha Kushoto

"Sauti inapotoka, ndani ya gari mnakuwa wangapi?"

"Nakuwa peke yangu."

Wakana akaandika: peke yake. Kisha akamtazama mchumba wake ng'ambo ya kaunta kwa sura ile ile anayowatazamia wateja wote, maana kazini ni kazini. Teppei alikuwa amekodolea macho kalenda ya ukutani kama vile leo ndiyo kwanza anaiona.

"Injini ikiwa baridi au ikishapata moto?"

"Ikishapata moto. Nikiwa napanda mlima, kwenye kona."

"Inalia vipi?"

"Kwii, kwii, kwii. Kama panya aliyebanwa na mlango."

Wakana alishindwa kujizuia, akacheka. "Wewe na panya wapi na wapi? Hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Nimeyasikia tu."

Hii haikuwa mara ya kwanza. Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la michezo, viti viwili tu na paa la kukunja, na Teppei alilinunua hapo hapo mjini Matsumoto, kwenye duka ambalo Wakana ni fundi wake. Ndivyo walivyojuana. Sasa kila alipolileta kwa ajili ya hiyo sauti, mafundi walilizungusha mjini, wakalipandisha milimani, wakarudi mikono mitupu. Na waranti ina ubishi wake: kiwanda hakilipii sauti ambayo fundi hajaisikia kwa sikio lake. Isiposikika, gari linarudi nyumbani na ugonjwa wake. Mwisho wa mwezi huu wa Tano waranti ilikuwa inakwisha.

"Liache," Wakana alisema. "Chukua kale kagari ketu ka kuazima. Safari hii nitaitafuta mwenyewe."

"Asante, Waka."

Akaondoka haraka kidogo kuliko kawaida yake. Wakana aliliona hilo, akalipuuza.

*

"Nimechoka kukunjwa kama mwavuli," alilalamika Nezu, fundi mwenzake, walipofika chini ya mlima. Wakana alikuwa kwenye usukani. Nezu kushoto, anasikiliza, magoti yamemfika kifuani. Nezu ni mrefu, na ana mdomo.

"Vumilia."

"Navumilia nini? Nakisogeza nyuma."

"Usiguse kiti cha mteja, Nezu!"

Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya karakana yao. Kiti cha mteja hakiguswi. Cha dereva ukilazimika kukisogeza, unaweka alama ya utepe, na ukimaliza unakirudisha pale pale, na vioo vyake pia, ili mwenye gari akiketi asihisi kwamba kuna mtu aliingia. Cha kushoto hakuna aliyewahi kukigusa kabisa.

"Mteja gani? Si mchumba wako? Atanipeleka mahakamani?"

Nezu akavuta kishikio kidogo chini ya kiti, akakisukuma nyuma mpaka kikagota, akanyoosha miguu na kushusha pumzi ya raha.

Kona ya kwanza, kimya. Kona ya pili, Nezu akaegemea vizuri.

Kwii. Kwii, kwii.

"Umesikia?" Nezu alipiga kelele. "Simamisha, simamisha!"

Wakasimama kando ya barabara. Nezu akageuka, akapapasa nyuma ya kiti, akainuka kidogo, akaegemea tena. Kwii.

"Tumempata panya wako! Mgongo wa kiti unasugua huu ukuta wa plastiki hapa nyuma. Kipande cha kitambaa kizito, kwisha habari. Ndiyo maana hatukuisikia siku zote. Kumbe lazima kiti kiwe nyuma kabisa, na mtu awe..."

Akaondoa mkono nyuma ya kiti.

"Malizia," Wakana alisema.

"Aa, basi tu."

"Malizia, Nezu."

"Na mtu awe ameketi hapa. Ameegemea."

Lori la mbao liliwapita taratibu, likapotea kwenye kona.

"Mimi nikikaa hapo, kiti kinakuwa mbele," Wakana alisema. "Miguu yangu mifupi unaijua."

"Labda alibeba mzigo."

"Mzigo unaoegemea?"

Nezu akarudi kutazama barabara.

"Kila Jumapili asubuhi anatoka," Wakana aliendelea. "Ananiambia anapanda mlimani kupunga upepo, awe peke yake na mawazo yake. Mchana akinipitia, kiti kiko mahali pangu. Pale pale, Nezu. Yaani kabla hajanifikia anainama, anakivuta mbele, anakipima."

"Usimhukumu mtu kwa sababu ya kiti."

"Kiti hakina sababu ya kusema uongo. Yule aliyekuwa naye kabla yangu alikuwa mchezaji wa voliboli, unajua? Miguu hii hapa." Akaonyesha urefu kwa mkono, kisha mkono ukaanguka mapajani.

Kilichomuuma zaidi ni ule uangalifu. Mtu akikudanganya kizembe unaweza kusema ni mpumbavu. Lakini huyu alikuwa anamtunzia kiti chake huku anamficha aliyekikalia.

*

Simu iliita mara moja tu, Teppei akapokea.

"Umeisikia?" Sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli.

"Nimeisikia. Teppei, Jumapili unakuwa na nani?"



"Waka, mimi..."

"Usiniambie uko peke yako. Nimekuuliza kwenye kaunta, ukanijibu, nikaandika. Usirudie."

"Siwezi kusema."

"Ni mwanamke?"

"Hapana! Hapana kabisa."

"Basi sema ni nani."

"Nimeahidi. Nikisema nitakuwa nimemvunjia mtu heshima."

"Na heshima yangu mimi umeiweka wapi?" Sasa sauti ilimpanda, akatoka kwenda nyuma ya karakana, kwenye matairi ya zamani. "Nimegombana na baba yangu mzazi kwa ajili yako! Nimetoka kwetu na begi moja!"

Hakuwa anatia chumvi. Vuli iliyopita Teppei alikwenda shambani kwa mzee Isao, mkulima wa matufaha, mjane, mtu mgumu kama kisiki. Alipiga magoti kwenye mkeka, akainamisha kichwa mpaka chini, akamwomba binti yake. Mzee hakumwangalia yeye. Aliangalia uani.

"Gari la viti viwili!" alisema. "Watoto utawaweka kwenye buti? Mtu wa namna hii anajifikiria yeye tu."

Wakana akapandwa na hasira. "Basi harusini usije!"

"Nani kakuambia nilitaka kuja?"

Tangu siku hiyo baba na binti hawakusemezana. Wakati wa mwaka mpya Wakana alishika simu, akaiweka. Alijiambia kwamba amechagua, na mtu akichagua asigeuke nyuma. Sasa alichokichagua ndicho hicho, kinapumua kwenye simu.

"Waka, nipe muda kidogo," Teppei alisema. "Niamini."

"Kukuamini ndiko kulikonifikisha hapa."

Akakata. Akashona kitambaa, akakibandika nyuma ya kiti, akakijaribu, sauti ikafa. Mikono ya fundi haina habari na moyo. Jioni alipofungua kabati lake akaikuta pete ya uchumba ilipo, maana kazini pete hazivaliwi. Hakuivaa. Akafunga kabati, akaandika meseji:

"Gari liko tayari. Ila utaratibu wetu unataka aliyesikia sauti apande na fundi, athibitishe imekwisha. Wewe hutoshi. Ukiwa peke yako sauti haipo. Mlete anayekaa kushoto, Jumapili asubuhi. Asipokuja, utachukua gari pamoja na pete yako."

Jibu lilichukua muda mrefu, mpaka chai yake ikapoa.

"Nitamwomba. Akikataa nitakuja mwenyewe na nitakuambia, hata kama hatanisamehe."

*

Jumapili asubuhi Nezu alikuwa anapiga deki sehemu ambayo ilikwishapigwa deki.

"Kama ni yule wa voliboli," alinong'ona, "nimwage ndoo?"

"Nezu, nyamaza."

Kale kagari ka kuazima kakaingia uani, kadogo kama kisanduku. Teppei alishuka kwanza, uso umempauka, akazunguka mbio kwenda kufungua mlango wa kushoto. Wakana alisimama mlangoni mwa karakana, mikono ameikunja kifuani, amejiandaa kwa miguu mirefu.

Ilitangulia fimbo. Ukafuata mguu mmoja, umenyooka, haukunjiki. Halafu kikatokea kichwa chenye mvi, kimevaa kofia ya shambani.

"Gari gani hili mnawapa watu?" alifoka mzee Isao, bila kumwangalia binti yake. "Goti la mguu wa pili limekaribia kunitoboa kidevu."

"Baba?"

"Ndiyo mimi. Ulitaka nani?"

"Mguu umefanya nini?"

"Mguu upo."

"Alianguka kutoka kwenye paa akiondoa theluji," Teppei alisema. "Mwezi wa Kwanza."

"Nani kakutuma useme?"

"Mzee, leo acha niseme." Teppei akamgeukia Wakana. "Sikuacha kwenda kumwomba. Kila mwezi nilikwenda, ananifukuza, narudi. Siku hiyo nikamkuta ameketi kibarazani ameshindwa kuvaa buti. Nikampeleka hospitali. Tangu hapo Jumapili nampeleka kwenye chemchemi ya maji moto kule juu, kuna mtu anamtembeza ndani ya maji."

"Nami nikamwambia," mzee akadakia, "siku utakayomwambia binti yangu, usikanyage tena kwangu."

Wakana hakujua aanze na nani. "Baba, umeanguka, umelala hospitali, nisiambiwe? Mimi ni nani kwako?"

"Ungerudi nyumbani."

"Ndiyo, ningerudi!"

"Ungerudi kwa ajili ya goti," mzee alisema polepole, anaitazama fimbo. "Sikutaka urudi kwa ajili ya goti."

Nezu aliacha kupiga deki. Wakana alitaka kulia, akataka kupiga kelele, mwisho akashika la tatu, ambalo ni kazi.

"Mmenifanya mjinga nyote wawili," alisema. "Wewe Teppei, baki hapa. Mzee, panda kushoto."

*

Fundi anaposikiliza gari, humo ndani hakuna maongezi. Basi baba na binti walipanda mlima bila neno, kila mmoja ametega sikio. Barabara ilipita kando ya mashamba ya matufaha, watu wako juu ya ngazi wanapunguza vitunda vidogo. Kiti kilikuwa nyuma kabisa, mguu wa mzee umenyooka mpaka mwisho. Kona ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Sisikii kitu," mzee alisema.

"Subiri. Bado kona."

Wakapita kona ya nne.

"Lilikuwa linalia kama panya aliyebanwa na mlango," mzee alisema. "Nikamwambia Teppei, siku ya harusi siingii na gari linalolia. Peleka kwa mwanangu, atalijua."

Usukani ulikaribia kumponyoka Wakana. "Ulisema siku ya harusi?"

"Angalia barabara."

"Naangalia."

"Nilisema mtu wa viti viwili anajifikiria yeye tu. Kumbe kimoja ndicho ninachokalia tangu wakati wa theluji. Nimemtukana njia nzima, kwenda na kurudi, hajawahi kunijibu vibaya." Mzee akakohoa. "Pale hekaluni mtakapofungia ndoa, kutoka langoni mpaka mbele, ni mbali?"

"Si mbali, baba."

"Nataka kwenda na wewe bila fimbo. Yule wa kwenye maji anasema labda. Ndiyo maana sikutaka kusema. Mtu haahidi labda."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Wakana, na hakuweza kuyafuta kwa sababu kona ilikuwa kali na mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Hata na fimbo, baba. Hata nikikubeba."

"Unibebe umevaa kimono ya harusi? Angalia barabara, mtoto wewe."

*

Waliporudi, Teppei alikuwa amesimama pale pale walipomwacha. Wakana alishuka, akamwendea.

"Umefanya jambo jema, na umenidanganya. Yote mawili ni kweli."

"Najua. Nisamehe."

"Nimelia kwa ajili ya mwanamke ambaye hayupo. Siku nyingine mtu akikuapisha unifiche jambo, hata awe baba yangu, unamwambia hapana."

"Angeniambia hapana ningemfukuza," mzee alisema kutoka garini.

"Umfukuze! Atarudi, si ameshazoea?"

Nezu ndiye aliyeanza kucheka, mzee akafuata, Teppei akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Wakana akaenda kwenye kabati lake, akarudi na pete kidoleni.

"Pete kazini ni marufuku," Nezu alisema.

"Nishitaki kwa bosi."

Akachukua karatasi ya kazi kaunta, akasoma swali kwa sauti ya kikazi. "Sauti inapotoka, ndani ya gari mnakuwa wangapi?"

"Wawili," mzee Isao alijibu.

Wakana akafuta lile "peke yake" la mwanzo, akaandika upya. Mzee akaanza kujikokota kushuka ili binti aketi, na Teppei, kwa mazoea yake, akainama kukivuta kiti mbele.

"Kiache," Wakana alisema, akamrudisha baba yake kitini kwa mkono begani. "Leo mimi napanda kale kasanduku, nawafuata nyuma mpaka kwenye chemchemi. Kiache hapo hapo. Jumapili bado zipo nyingi kabla ya harusi."