Ndege Kongwevu wa Matopeni

Kila akitoka shule, Ruqaiya aliteka maji, akaosha vyombo, kisha akamwangalia mdogo wake Widad mpaka mama yao, Bi Zuleikha, arudi kutoka Malindi alikofua nguo za watu. Walikaa Sabaki, karibu na mahali mto unapoingia baharini. Siku hiyo Ruqaiya alikuwa hoi. Mabega yalimuuma kwa kubeba madumu, na bado alikuwa na kazi ya shule.

Mwalimu Mwaro alikuwa amewaagiza wanafunzi watunge shairi la kuchekesha kuhusu ndege asiyekuwepo duniani, kisha wamchore. Ruqaiya alilala kifudifudi mkekani, akachora ndege mnene, akaandika:

Kongwevu ndege wa tope
ana viatu vya unga,
hupiga chafya ya kope,
mkia wake kitunga.

Widad, mtoto wa miaka mitano, alicheka mpaka akapaliwa. Halafu maswali yakaanza. Anakula nini? Analala wapi? Mbona hatumwoni? Ruqaiya alijibu, akajibu tena, mpaka akachoka.

"Yuko kule matopeni, mtoni," akasema bila kuinua macho. "Niache nimalize."

Widad akainamia ile picha. Ruqaiya akalaza kichwa mkononi apumzike kidogo, usingizi ukamchukua.

Alipozinduka, mdogo wake hakuwepo, wala ile karatasi yenye picha. Ruqaiya alijua mara moja alikokwenda. Alikimbia kuelekea mtoni, miguu mizito kama si yake. Alimkuta Widad amezama kwenye tope hadi mapajani, sauti imemkauka kwa kulia, na maji ya bahari yanajaa. Alipojitosa kumfuata, naye akaanza kuzama. Akapiga kelele kumwita Kavumbi, jirani yao, aliyekuwa akipalilia mchicha ukingoni. Kavumbi alileta ubao, akaulaza juu ya tope, akatambaa juu yake na kuwavuta mmoja baada ya mwingine.

Jioni Bi Zuleikha alirudi, akawakuta wameketi kizingitini, tope limewakaukia mwilini. Ruqaiya angeweza kusema kwamba mtoto alitoroka tu. Hakusema hivyo. Alieleza yote, hata lile neno alilolitamka ili aachwe. Widad akalalamika kwamba hakumwona kongwevu.

Bi Zuleikha alimshukuru Mungu, kisha akasema polepole:

"Mwanangu, kutunga ndege si kosa. Lakini mdogo wako anakuamini wewe kuliko macho yake mwenyewe. Mchezo mwambie ni mchezo. Na ukichoka, niambie umechoka. Usimdanganye mtoto ili upate kupumzika. Kuanzia kesho atakaa kwa mke wa Kavumbi mpaka umalize kazi zako za shule."

Ruqaiya aliinamisha kichwa. "Nimechoka, mama," akasema. Hakuwa amewahi kulisema neno hilo.

"Najua," mama yake akajibu. Akavuta beseni la maji, akaanza kumwosha miguu.