Amana ya Wabanguaji

Kila alasiri Subira alipotoka shule alipitia kiwandani, nje kidogo ya mji wa Kibiti, kumsubiri mama yake, Mwanaharusi. Hapo wanawake walibangua korosho, na walikuwa wamemchagua Mwanaharusi awe mwakilishi wao kwa meneja. Walimchagua kwa upole wake. Walisema, mtu asiyegombana na yeyote hatawaletea balaa. Hapo ndipo walipokosea, maskini.

Glavu zilikuwa zimeisha. Mafuta ya maganda ya korosho huunguza ngozi, na majivu waliyojipaka hayakufua dafu. Walimweleza mwakilishi wao, naye akaahidi kulifikisha jambo hilo kwa meneja. Lakini meneja alipomuuliza kama kuna shida, alijibu, "Hakuna neno."

Ijumaa ilisomwa hitima ya bibi yake Subira. Wanawake walipozunguka sinia la pilau, Safina, mbanguaji jirani yao, aliomba kijiko.

"Mzungu wetu kafika!" mtani wake alimchokoza, wote wakacheka.

Subira alipompa kijiko aliiona mikono yake. Ngozi ilikuwa imebanduka, na vidole havikunjiki. Alitaka kulia.

"Shangazi, umefanyaje?"

"Korosho, mwanangu. Kesho sitaweza kwenda, na meneja kasema asiyekuja asirudi tena. Namtegemea mama yako tu, keshatusemea."

Mwanaharusi aliinamisha uso. Wageni walipoondoka, Subira alimfuata jikoni.

"Mama, ulimwambia meneja?"

"Sikumwambia. Niliogopa kufukuzwa. Tungekula nini?"

"Basi mwambie shangazi ukweli. Asingoje bure."

Mwanaharusi alijifunga kanga, akaenda kwa Safina, akakiri. Safina alimkaribisha akae. Kisha akasema, "Kesho twende wote."

Asubuhi wabanguaji wote walisimama nyuma ya Mwanaharusi ofisini. Naye alisema yote.

"Mbona uliniambia hakuna neno?" meneja aliuliza.

"Nilikudanganya, bwana, na wenzangu wameumia."

Meneja aliitazama mikono ya Safina, akaagiza glavu. Kazi ilisimamishwa mpaka glavu zikaletwa. Safina alipelekwa hospitali, na nafasi yake haikuguswa. Hata hivyo, vidole vyake viwili havikukunjika tena.

"Upole si kunyamaza, Subira," mama alimwambia mwanawe huku machozi yakimlengalenga. "Wenzangu walinipa sauti zao kama amana, nami nikazimeza. Safina amenisamehe, lakini vidole vyake siwezi kumrudishia."