Hodi Ndani ya Kompyuta ya Jihan

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo na jini kwa ulimi wa moto, kisha akawawekea wote wawili adabu na mpaka. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake, na aali zake, na wote waliomfuata kwa wema. Ama baada ya hayo, habari hii asili yake ni Tabora, mtaa wa Ng'ambo, katika nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma umepakana na njia ya kale ya misafara iendayo Ujiji. Imepokewa kwa Kasimiri, fundi wa kompyuta, aliyeyaona kwa macho yake. Naye hakuwa mtu wa kuyasadiki mambo ya namna hii.

Katika nyumba hiyo walikaa Adinani, fundi seremala, na mkewe Najiat. Mwenyezi Mungu aliwaruzuku mtoto mmoja, Jihan, kisha akamchukua kwa homa angali msichana wa shule ya msingi. Jihan alipenda kasida. Akitoka madrasa, alikaa mbele ya kompyuta kuukuu ambayo baba yake aliinunua ikiwa imekwisha kutumika ofisini, akajirekodi sauti, akakosea beti, akacheka, akaanza upya. Hapakuwa na mahali pengine duniani sauti ile ilipobaki. Kila siku baada ya alasiri, Najiat aliiwasha kompyuta akamsikiliza mwanawe. Adinani naye alitoka nje kwa hasira kila ilipowashwa, akisema kuwa mkewe anamnyima mtoto usingizi wake.

Jambo lenyewe lilianza dogo. Najiat alikuwa jikoni akichambua mchele, kompyuta imewashwa sebuleni, akasikia: ko, ko, ko. Pakawa kimya. Kisha tena: ko, ko, ko. Ulikuwa ugongaji wa mtu mwenye adabu, anayegonga na kusubiri. Naye, bila kuinua macho kwenye ungo, akajibu kama ajibuvyo kila aliyelelewa vizuri.

"Karibu."

Hakuingia mtu. Iliingia harufu: jasho la safari ndefu, vumbi, na ngozi mbichi iliyolowa maji. Najiat alikwenda mlangoni, akakuta uchochoro mtupu. Hodi ilikuwa ikitoka ndani ya sanduku la kompyuta.

Adinani aliporudi akasimuliwa, hasira zilimpanda. Tangu msiba, hasira zilikuwa ndiyo lugha yake pekee. Aligombana na mbao, na misumari, na wateja. "Umelikaribisha bati, mama Jihan," akamwambia mkewe. "Kesho utalipikia wali."

Kasimiri akaitwa. Aliingia na mkoba wa vifaa, akatoa shikamoo, akaitazama kompyuta na kutikisa kichwa. "Hii, mzee, ukiihoji itakwambia ilikuwapo wakati wa kudai uhuru."  Akaufungua ubavu wake, akapuliza vumbi, akabadilisha waya wa umeme, kisha waya wa pili, asije akaisingizia diski, ghala la kumbukumbu zake, kosa la kifaa kingine. Mlio haukubadilika. Akaegemeza ncha ya bisibisi juu ya diski, mpini wake sikioni, akasikiliza kama daktari asikilizavyo kifua cha mgonjwa.

Aliwaeleza kwa upole kwamba ndani ya diski mna sahani zinazozunguka, na mkono mwembamba unaozisoma. Mkono huo umepotea njia. Hutafuta mahali pake, haupati, hurudi ulikotoka na kugonga. "Huyu ni mahututi, mama. Kila mkimwasha, mkono unazikwaruza sahani, na kila mkwaruzo ni neno la mtoto linalofutika. Msiiwashe tena mpaka nilete diski nyingine, nihamishie kilichomo."

Najiat aliapa kuwa hataigusa. 

Ndipo Kasimiri akazichomoa nyaya zote, akaitoa diski, akailaza mezani juu ya kitambaa ili aisome namba yake; nayo ikiwa imelala pale, haina waya, haina umeme, haina chochote kinachoiunganisha na dunia ya mafundi, ikabisha: ko, ko, ko, ikanyamaza kama inayosubiri jibu, ikabisha tena. Kijana yule akairudisha ndani ya sanduku haraka, kwa kuwa hakutaka kutembea nayo mkobani.

Tangu hapo harufu ile haikutoka tena. Iliingia katika mapazia, ikaingia katika maji ya mtungi. Adinani akaanza kukonda. Najiat, alipomwamsha kwa swala ya alfajiri, aliona nyayo za mumewe zimejaa vumbi jekundu, ilhali mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Alipomuuliza, alimfokea hata majirani wakasikia, akasema kuwa mwanamke aliyekaribisha asichokijua hana haki ya kumhoji mtu.

Mchana mmoja Najiat alirudi mapema kutoka sokoni, saa ile ambayo jua huwa limesimama wima na mitaa ya Ng'ambo hubaki tupu, na kabla hajafika sebuleni alisikia sauti ya mwanawe, si ikiimba kasida wala ikicheka beti iliyokosewa, bali ikisema maneno ambayo Jihan hakupata kuyarekodi, pole pole, karibu kabisa, kama mtu aliyeweka mdomo kwenye ufa wa mlango:

"Baba, hodi."

Na sauti ya Adinani, laini kama hakuwahi kukasirika maishani mwake: "Karibu, mwanangu. Karibu."

Alimkuta amepiga magoti, shavu limegandama kwenye sanduku, kompyuta inawaka. Najiat akaung'oa waya ukutani.

"Ulinikataza nisimsikilize," akasema kwa sauti ya chini. "Ukanitukana mbele ya watu. Na fundi alikwambia maneno yake yanafutika."

"Wewe ulisikiliza rekodi, mama Jihan. Mimi ananiita."

"Anakuita wapi?"

Adinani alitazama ukuta wa nyuma, ulio upande wa njia. "Anataka nimfuate. Anasema si mbali."

Hasira ya Najiat haikuwa ya makelele. Alijitanda ushungi, akatoka katika jua lile lile hadi nyumbani kwa Maalim Humaidi, mzee wa ukoo wa Waarabu wafanyabiashara wa tangu zamani, msomi ambaye hakuuza hirizi na aliwachukia waziuzao. Maalim alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kuwa jini huyo anajulikana katika ukoo wao, na kwamba kujulikana kwake ni aibu yao. Misafara ya babu zao ilipomwacha mgonjwa porini, au mtumwa asiyeweza tena kubeba mzigo, yeye alifuata nyuma, akabisha hodi penye mahema kwa sauti ya aliyeachwa. Aliyejibu alitoka kuifuata sauti, na hakurudi.

"Hafukuzwi kwa fimbo," akasema Maalim, "kwa sababu hakuvunja mlango. Alikaribishwa. Lakini na yeye anaijua adabu tuliyofunzwa sote: mbisha hodi akiambiwa rudi, hurudi. Wewe ulijibu kwa mazoea, hukujua. Aliyemkaribisha kwa moyo ndiye atakayemrudisha."

Siku iliyofuata, adhuhuri, Maalim alikuja, na Kasimiri akaja na diski mpya. Diski ya zamani ililazwa tena mezani, mbali na kila waya. Maalim akaanza kusoma. Harufu ya ngozi iliyolowa ilikolea hata macho yakawawasha. Diski ikabisha. Halafu ile sauti ikatoka, si kwenye spika wala kwenye diski, bali nyuma ya mlango wa uani.

"Baba, hodi. Jua ni kali huku."

"Mwambie," akanong'ona Maalim.

Adinani akasogea hatua moja kuelekea mlangoni, na sauti ikabisha mara ya pili, sasa ikilia, ikisema miguu inaiuma, ikisema watu wamekwisha kwenda na kuiacha, na mlango ukaanza kusukumwa kutoka nje kidogo kidogo, na kwenye upenyo wake likaingia vumbi jekundu likitambaa sakafuni kuelekea miguu ya Adinani kama linalojua njia, na yeye akaunyosha mkono ili aupokee mkono usioonekana, na midomo yake ikajiandaa kutamka lile neno ambalo, lingetoka tena, Maalim mwenyewe asingeweza kulirudisha.

Najiat akasimama kati ya mumewe na mlango.

"Jihan hakuwahi kubisha hodi hapa," akasema. "Alizaliwa katika chumba kile. Alikuwa akiusukuma mlango kwa mguu nami nikimgombeza. Mtoto habishi hodi kwao. Sikiliza, baba Jihan. Sikiliza vizuri, ni lini mwanao alikuomba ruhusa ya kuingia nyumbani kwake? Huyo ni mwizi. Amemwibia maiti sauti."

Adinani alimtazama mkewe, kisha mlango. Rangi ya uso wake ikarudi, na hasira ikarudi pamoja nayo, safari hii ikijua inakokwenda.

"Rudi," akasema. "Hukaribishwi. Rudi ulikotoka."

Mlango ulijifunga. Vumbi likabaki sakafuni, vumbi tu.

Kasimiri akaiunganisha diski na ile mpya, akafanya kazi mpaka jua likapoa. Diski haikugonga tena hata mara moja. Majina ya rekodi zote yalihama, lakini kila aliyoifungua ilikuwa kimya, isipokuwa moja. Katika hiyo ulisikika mwendo wa watu wengi wenye mizigo, wakienda magharibi, wakififia. Na katikati yao hatua moja nyepesi, ya mtoto, ikihangaika isiachwe nyuma.

Adinani alijifunika uso, akaomba iachwe.  Najiat alimwuliza Kasimiri kitufe cha kufutia, akakibonyeza mwenyewe, akakaa muda mrefu mkono wake ungali pale.

Hakumsamehe mumewe siku ile, wala mwezi ule. Lakini usiku wa Maulidi Adinani alimwomba amfundishe kasida ya mtoto, kwa kuwa hakuwahi kuisikiliza hata mara moja mpaka mwisho na sasa haipo. Najiat aliikubali kazi hiyo kwa hasira. Majirani husikia hadi leo, baada ya alasiri, sauti nzito ya seremala ikiyumba kwenye beti, na ya mwanamke ikimkatiza: "Siyo hivyo. Alikuwa akivuta pumzi hapa. Rudia."

Basi Mwenyezi Mungu awalinde mliosikiliza, azilinde nyumba zenu na kila ajaye kwa sauti isiyo yake, awarehemu watoto wenu waliotangulia, na awape ndimi za kuwakumbuka kwa usahihi. Amina.