Kompyuta ya Shangazi

Lifti ya jengo la maduka ilijaa pomoni, na Mdarizi, gauni la zambarau, jasho shingoni, aliikumbatia kompyuta kuukuu kama mtoto mwenye homa.

"Dada, huyo mgonjwa anapanda ghorofa ya ngapi?" akauliza kijana mwenye shati jeupe, bisibisi mfukoni.

"Kwa fundi."

"Basi umefika. Fundi ni mimi."

Aliifufua siku hiyohiyo, na namba ya simu akaichukua. Mwezi haukuisha, wakawa hawalali bila kusikiana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula uzi. Shangazi ana oda ya sare za shule nzima."

Shangazi ndiye aliyemlea Mdarizi. Macho yake yalikuwa yamefifia, duka likaegemea mikono ya Mdarizi, na mashine ya kudarizi iliendeshwa na kompyuta ile tu. Kompyuta mpya hazikuelewana nayo.

Fundi alipokwenda kujitambulisha, hakumung'unya maneno. "Shangazi, kompyuta hii haipati tena masasisho ya usalama. Virusi vikiingia, michoro yako yote imekwenda. Itupwe, na mashine yake."

"Umekuja kuposa au kunifungia duka?"

Mdarizi, katikati yao, alinyamaza. Fundi akadhani amekataliwa. Akaondoka, simu zikakoma.

Alirudi baada ya wiki kadhaa, amekonda. Alimkuta Mdarizi dukani.

"Nimepata kazi mji mwingine. Twende, kipenzi. Nikuoe."

"Nilinyamaza kwa sababu nakupenda na yeye nampenda. Ameapa hafungi duka maadamu mashine inazunguka. Ikifa, atahamia kwa mwanawe. Nami nitakuwa huru."

"Kompyuta ikiachwa hivi, itakufa tu, na mashine nayo."

"Na kuna njia ya kuiponya?"

Fundi angeweza kudanganya. Alimtazama Shangazi pale mlangoni, akipapasa nembo iliyodariziwa, akitabasamu peke yake.

"Ipo. Niitenge na mtandao kabisa. Michoro utaiingiza kwa flashi safi. Itadumu miaka."

"Miaka," Mdarizi akarudia, kama aliyesomewa hukumu.

"Niambie nisifanye."

Hakumwambia. Fundi akapiga magoti chini ya meza, akachomoa waya wa mtandao. Mashine ikaanza kunguruma.

"Mwanangu," Shangazi akaita, "niletee uzi mwekundu."

Mdarizi akafuta macho kwa mkono wa gauni, akaenda kuutafuta.