Mwendo wa Tofali

"Funguo ni mbili tu, dada, wako na wangu, sasa kama—"

"Usiniite dada leo! Wangu nalala nao shingoni—"

"Na mimi nimeshasema sijui!"

"Basi kabati limejifungua lenyewe, likameza diski, likajifunga!"

Inspekta alikohoa mlangoni. Hawakumsikia. Akaburuta kiti sakafuni kwa makusudi, kikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Ndipo wakanyamaza.

"Nimeitwa kwa wizi," alisema. "Mkiuana itabidi nifungue jalada jingine. Mwenye studio nani?"

"Mimi," alijibu yule mwanamke, ambaye wafanyakazi wote walimwita Bosi. "Na huyu ni mchoraji wangu mkuu. Kazi iliyoibwa ni yake. Inazinduliwa jioni ya leo. Tusipoipeleka, studio nafunga, na watu wote hawa wanarudi kwao."

Mchoraji alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Kazi gani?"

"Nembo ya kampuni ya michezo ya kompyuta. Anaitwa Tofali." Bosi akaonyesha ukuta uliojaa michoro. Lilikuwa tofali lenye miguu miwili, basi. "Kwenye mchezo wa baridi anakuwa barafu. Kwenye wa vita, chuma. Kwenye wa watoto, keki."

"Sasa mtu atajuaje ni yuleyule?"

"Kwa mwendo. Umbo libadilike, rangi ibadilike, mwendo haubadiliki. Hicho ndicho mteja alichokipenda."

Inspekta akazunguka chumba. Kufuli la kabati halikuwa na hata mkwaruzo. Kompyuta za bei mbaya zilikuwepo zote. Michoro iliyotulia ilikuwepo. Kilichofutwa kwenye kompyuta ni mwendo peke yake, na nakala yake ndiyo iliyokuwa kwenye ile diski ya kabatini.

"Mwizi gani huyu," alijisemea, "anaacha mwili anabeba miguu?"

Akamgeukia Bosi. "Hakuna popote pengine ninapoweza kuuona huo mwendo?"

"Nina video ya siku tuliyomwonyesha mteja. Nilirekodi kwa simu."

Kwenye simu, Tofali alikatiza kwenye skrini ya ukutani. Bega juu, mguu wa kushoto mbele, kisha wa kulia ukifuata kwa kuburutwa, kama mtoto anayepelekwa kuoga. Watu wakacheka. Sauti ya mteja ikauliza, "Na kwenye matope je?" Mchoraji akainuka, akatembea yeye mwenyewe mbele ya watu: bega, mguu, kuburuta, mkono ukipapasa ukuta. Watu wakapiga meza kwa kicheko.

Inspekta naye alicheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa shati. Kisha akaona kitu. Kwenye video, mchoraji alirudi kitini, akafunika uso kwa viganja, na hakuufunua tena.

"Mwendo huu uliutoa wapi?"

"Nilibuni, afande."

"Na kupapasa ukuta? Tofali hana mikono."

Mchoraji akaanza kukusanya kalamu zake mezani.

"Unaishi na nani?"

"Na baba. Lakini mzee ni mgonjwa, afande. Tafadhali tusimsumbue."

"Hatumsumbui. Tunamsalimia tu."

Wakaenda wote watatu. Mlangoni palikuwa na viatu vya mzee: cha kushoto kizima, cha kulia kimelika ncha yote. Ndani, ukutani kuelekea bafuni, ulipita mstari mweusi wa viganja.

"Hodi!"

"Karibuni!"

Mzee akatokea. Bega juu. Mguu wa kushoto. Kisha wa kulia, ukiburutwa, na mkono ukipapasa ukuta.

Bosi akaziba mdomo. Inspekta akahisi uso unawaka. Machozi ya kile kicheko yalikuwa hayajakauka kwenye shati lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona mnaniangalia kama mafundi wa jeneza? Kama mmenifuata kwenda kwenye uzinduzi, mimi tayari." Alikuwa amevaa suti, na kadi ya mwaliko imechungulia mfukoni. Familia za wafanyakazi zilikuwa zimepangiwa viti vya mbele.

Mchoraji akarudi mlangoni. Akatia mkono ndani ya kile kiatu kilicholika, akatoa diski, akaiweka mezani.

"Ni mimi," alisema.

"Sema yote," Inspekta alimwambia, kwa sauti ndogo kuliko aliyoizoea.

"Baba, Tofali ni wewe. Kila asubuhi ukienda bafuni nilikuwa nakuchungulia, nakuchora. Nikajiambia hii ni kazi tu. Halafu watu wakacheka. Si ningekaa kimya tu! Nikainuka nikakuigiza, ili wacheke zaidi." Akaionyesha kwa kidole ile kadi ya mwaliko. "Leo ungekaa mbele kabisa. Ukumbi mzima ungekucheka, na wewe ungecheka nao bila kujua."

"Nionyesheni," mzee alisema.

Bosi akampa simu, macho ameyapeleka dirishani. Mzee aliangalia mpaka mwisho. Alimwona Tofali. Alimwona mwanawe. Ndani ya simu watu wakapiga meza, na sebuleni hakuna aliyejua aweke wapi uso wake. Inspekta alishika pingu mfukoni zisilie.

"Huyu wenu," mzee aliuliza, "akianguka, anainukaje?"

"Sijachora, baba. Sijawahi kukuona umeanguka."

"Najua. Huwa nasubiri utoke kwanza, ndipo nianguke."

Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya diski. Akashika kiti, akajishusha taratibu, goti, kiganja, ubavu, mpaka akalala sakafuni. Inspekta akakurupuka kumwahi.

"Usiniguse, afande. Huyo utamchukua nikishamaliza naye." Mzee akamgeukia mwanawe. "Chukua kalamu. Nichore ninavyoinuka."