Sauti ya Bwana wa Chini

Kilichomshtua kwanza ni kikohozi.

Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yake kazini, vipokea sauti vimembana masikio, akisafisha maneno ya Bwana wa Chini, mhusika wa mchezo wa video, kama fundi wa sauti yeyote asafishavyo: anakata pumzi hapa, anapunguza mkwaruzo pale. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi. "Shuka, nafasi yako ipo." Baada ya hapo palitakiwa kuwa kimya. Badala yake akasikia mtu akikohoa, kikohozi kikavu cha kujizuia, cha mtu anayeziba mdomo kwa kitambaa ili wa chumba cha pili wasiamke.

Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kikohozi kilikuwepo. Jana yake alikuwa ameufanyia kazi mstari huohuo na mwishoni hapakuwa na kitu.

Alikifahamu kikohozi kile vizuri mno. Kilikuwa cha baba yake, na baba yake walishamzika.

Watu walimwita Ngurumo. Kwa miaka mingi alitangaza mpira redioni, na akipaza sauti bao likiingia hata wasiojua timu zinazocheza walikuwa wakiruka vitini. Kampuni aliyofanyia kazi bintiye ilipotengeneza mchezo wa video uliotokana na hadithi za kale za Wayunani, binti ndiye aliyempendekeza. Katika mchezo huo, mwanamume anashuka kuzimu kumrudisha mkewe aliyekufa, na huko anakutana na mungu wa mauti, Bwana wa Chini, katili asiyetumia upanga. Silaha yake ni maneno. Anawaita walio hai kwa sauti za marehemu wao mpaka wakubali wenyewe kukaa naye.

"Yaani mwanangu umezunguka dunia nzima, kazi uliyonipatia ni ya mauti?" Ngurumo alicheka siku hiyo.

"Baba, wewe unatisha bila hata kujaribu."

"Muulize mama yako kama huwa namtisha."

"Ananitisha akipika," mama akajibu kutoka jikoni.

Wakati huo mapafu yalikuwa yameshaanza kumsumbua, ila alikuwa akificha. Alirekodi siku baada ya siku katika kile chumba kidogo kilichofunikwa sponji kuta zote, chumba kisicho na mwangwi. Akayamaliza maneno yote isipokuwa ya mwisho, pale Bwana wa Chini anaposhindwa. Siku aliyotakiwa kuyasema alikuwa hospitalini, na hakutoka tena.

Siku ya kikohozi, binti hakumwambia mtu. Alidhani majonzi ndiyo yaliyokuwa yakimchezea. Kesho yake Miwani akaja mezani kwake na kikombe cha chai. Miwani alikuwa mama wa watoto watatu, na kazi yake hapo ilikuwa kucheza mchezo kutwa nzima akitafuta kasoro, jambo ambalo wanawe hawakumsamehe kamwe.

"Fundi," alisema, maana ndivyo alivyoitwa kazini, "yale maneno ya kushindwa mmempa nani ayasome?"

"Hajayasoma mtu. Pale pana kimya."

"Kimya kipi? Nimempiga yule mungu mpaka amepiga magoti. Akanyanyua uso, akanitazama, halafu akaniuliza, 'Kinanda yuko wapi?'" Miwani akanywa funda la chai. "Sasa Kinanda ni nani? Kwenye hadithi yetu hayumo."

Fundi akasimama. Kinanda lilikuwa jina lake la nyumbani. Baba yake alimpa akiwa mchanga, kwa sababu, kama alivyodai, hata kilio chake kilikuwa na muziki. Pale ofisini hapakuwa na mtu aliyelijua.

Alikwenda kuangalia mwenyewe. Akacheza mpaka mwisho. Bwana wa Chini akapiga magoti, taji lake likadondoka. Kisha akanyanyua uso wake wa kijivu, na kwa sauti ya baba yake, iliyo chini kidogo na iliyochoka, akasema: "Kinanda. Mama yako hajambo?"

Akazima mashine. Palepale, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa, akasikia harufu ya dawa ya kuchua ambayo mama alikuwa akimpaka baba kifuani, na chini ya harufu hiyo, udongo mbichi.

Kama angekuwa na akili ya kawaida angekimbia. Lakini mtu aliyefiwa ana kiu ambayo wengine hawaijui. Alinakili sauti zote kwenye kompyuta ndogo, akaibeba nyumbani, na baada ya chakula akamwambia mama yake kila kitu.

Mama hakushangaa wala hakuuliza maswali. Alisogeza kiti. "Niwekee nimsikie," alisema.

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika taratibu. Mchana Fundi akiwa kazini mama alikaa sebuleni na kompyuta, pazia limeshushwa. Mwanzoni alionekana kama aliyepona: alivaa vizuri, akapaka wanja, siku moja akasikika akicheka kicheko ambacho hakikuwa kimesikika tangu msiba. Kisha akaanza kuacha chakula. Sahani aliyoachiwa asubuhi ilikutwa jioni imefunikwa vilevile. Vidole vyake vikawa vya baridi, baridi ya kitu kilichotolewa kisimani, na pindo la gauni lake likawa linalowana, ilhali sakafu ilikuwa kavu.

"Mama, mnaongea nini?" Fundi alimuuliza kwa kunong'ona, maana siku hizo wote wawili walikuwa wameanza kunong'ona bila kuambiana.

"Mambo yetu ya zamani."

"Na yeye anasema nini?"

Mama alitabasamu. "Anasema pembeni yake kuna nafasi."

Fundi aliitwaa kompyuta ile akaifungia kabatini. Alasiri iliyofuata alirudi mapema kutoka kazini, na kabla hajafungua mlango wa mbele akasikia sauti ya baba yake ikizungumza ndani, si kwa kukwaruza kama itokavyo kwenye spika, bali nzito na ya karibu, kama ya mtu aliyeegemea ukuta, na alipoingia akaona kabati limefungwa kwa ufunguo kama alivyoliacha na mama yake ameketi chini mbele ya kabati lile, shavu lake limegandamizwa kwenye ubao, macho yamefumba, midomo imekuwa ya rangi ya majivu, na huku sauti ile ikisema shuka, mke wangu, shuka, mama alikuwa akiitikia kwa kichwa polepole kama mtoto anayebembelezwa alale.

Alimwita, hakuitika. Alimtikisa, akafumbua macho kwa shida, akamtazama bintiye kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

Jirani ndiye aliyemleta Fundi Friji. Mchana alitengeneza majokofu, na mkononi alikuja na mfuko wake wa bisibisi kwa sababu alikuwa amefuatwa akiwa kazini. Lakini mtaa mzima ulijua kwamba nyumba ikiingiwa na kitu, yeye ndiye wa kuitwa. Hakuwa na makeke. Alisimama mlangoni akanusa.

"Marehemu alikuwa anafanya kazi gani mwishomwisho?"

Fundi akamweleza. Mzee akasikiliza, akakuna kidevu.

"Mgonjwa anayekaribia kufa," alisema kwa sauti ya chini, "kila siku anafungiwa kwenye chumba kisicho na mwangwi, anawaita wafu kwa sauti tamu. Mwanangu, kuna waliosikia. Jini likapata nyumba iliyo tayari, halafu mwenye nyumba akahama."

"Kwa hiyo yule si baba?"

"Wewe unaonaje?"

"Linajua kila kitu. Linajua hata jina langu."

"Kujua si kazi. Usiliulize linachojua. Liombe kitu ambacho baba yako asingekataa."

Wakatoa kompyuta, wakaiweka mezani. Mama alikalishwa kitini, amefungwa blanketi, anatetemeka. Fundi Friji akasoma maneno yake kwa kunong'ona, hata Fundi aliyekuwa karibu hakuyashika. Skrini ikawaka yenyewe. Uso wa kijivu ukatokea, na harufu ya udongo ikajaa chumba.

"Kinanda," sauti ikasema. "Mbona mmeniletea mgeni?"

Machozi yalimtoka Fundi kabla hajafungua mdomo. "Baba, Mama hali chakula. Ukimwambia wewe atakula. Mwambie ale."

Uso wa kijivu ukamgeukia mama.

"Mwambie abaki na mimi. Nimebaki na nani mwingine? Mwambie tu, 'Baki na mtoto.' Maneno matatu, Baba. Wewe ulikuwa ukiongea dakika tisini bila kupumzika."

Spika zikakwaruza. Walisikia kitu kikivuta pumzi ndefu, ndefu kuliko kifua cha mtu.

"Shuka," sauti ikasema. "Shuka, mke wangu. Nafasi yako ipo."

Mama aliacha kutetemeka. Akautazama uso ule, akasema, taratibu kabisa, "Mume wangu alinifukuza hospitalini. Nilitandika kanga chini ya kitanda chake nilale, akanifukuza, eti sakafu ya baridi itaniua. Alikuwa hawezi hata kukaa, na bado ananigombeza kuhusu baridi." Akafuta macho kwa ncha ya blanketi. "Huyu siye."

"Basi sauti yake ifutwe mahali pote ilipo," Fundi Friji alisema. "Si ya mchezo peke yake. Za redio, za kwenye simu, zote. Likibakiziwa hata neno moja litajibanza humo. Na niwaambie ukweli: likitoka, huondoka na kitu. Sijui ni nini. Haliondoki mikono mitupu."

Miwani alipigiwa simu akafuta za ofisini. Hakuuliza sababu, kwa kuwa naye tangu siku ile alikuwa akiogopa kubaki peke yake na mashine. Jirani akavunja kanda za matangazo ya mpira kwa nyundo uani. Fundi akafuta kwenye simu yake ujumbe wa sauti ambao baba alimtumia wa kumkumbusha aje na mkate. Ikabaki sauti ya kwenye kompyuta pale mezani, na mama akasema ataifuta mwenyewe.

Alipoweka kidole, sauti haikuita tena shuka. Ilianza kukohoa, kikohozi kilekile kikavu cha kuziba mdomo kwa kitambaa, kisha ikasema Mama Kinanda nipe maji, kifua kinabana, mbona umekaa tu unanitazama, nipe maji mke wangu, na ilikuwa ndiyo sauti yenyewe ya zile siku za mwisho, haina ngurumo yoyote, sauti ya mtu mwenye kiu anayeona aibu kuomba, na Fundi akajikuta amesimama kwenda jikoni kuchukua glasi, miguu ikienda bila ruhusa yake, mpaka yule mzee alipomshika mkono, na mama, huku akilia kwa nguvu na kusema nisamehe, nisamehe, akabonyeza.

Pazia likajipiga ukutani mara moja. Harufu ikatoweka. Mama aliomba uji, akaumaliza wote.

Kampuni ilimtafuta msomaji mwingine, mchezo ukatoka, watu wakaupenda. Afya ya mama ikarudi. Pindo la gauni halikulowana tena, na sebuleni pazia likawa linafunguliwa asubuhi.

Walichopoteza walikigundua baadaye, wakimenya viazi, siku ya kawaida kabisa. Mama alikuwa akisimulia kichekesho cha marehemu, akafika mahali pa kuigiza alivyosema, akanyamaza. Kisu kikabaki hewani.

"Sauti yake ilikuwaje?" akauliza.

Fundi alifungua mdomo kumjibu. Akatafuta kichwani. Aliuona uso, meno, mkono uliokuwa ukipunga wakati wa kutangaza. Maneno aliyakumbuka yote. Lakini yalikuwa maneno matupu, kama yaliyoandikwa. Jirani walipomuuliza alisema ilikuwa nzito, kisha akakunja uso, akasema hata yeye haisikii.

Hawakulizungumza tena kwa muda mrefu. Kisha asubuhi moja, mama akikoroga chai, akasema, "Jana nimemwota baba yako. Alikuja akakaa palepale pake, akaongea sana. Alikuwa na furaha."

"Alisema nini?"

"Sijui, mwanangu. Midomo inakwenda tu." Akaweka kijiko chini kwa uangalifu. "Lakini namuitikia. Akicheka na mimi nacheka. Sitaki ajue kwamba simsikii."