Kalori za Shosho

Nilitoka kiwandani saa kumi na moja, nikapitia kibandani kununua mboga ya sukuma, nikafika nyumbani Kiganjo giza likianza kuingia. Nikavaa saa yangu ya kuhesabu kalori, nikafunga mpira mrefu wa mazoezi kwenye grili ya dirisha, nikaanza kuvuta.

Mpira huo nilipewa na Kaveke, jirani wa mlango wa pili. Ulikuwa wa mama yake, bibi kizee tuliyemwita shosho, aliyepigwa na stroke akapooza. Hospitali walimpa awe ananyoosha mikono nao, lakini kwa miaka miwili hakuwa ameinuka wala kuongea.

"Si unataka kupunguza mwili, Akello?" Kaveke aliniambia. "Chukua tu. Na usikose hata siku moja."

Wiki ya kwanza, nusu saa ilinipa kalori mia moja na kumi. Wiki ya tatu, mia nne. Nikafurahi. Kufika mwezi wa pili sketi zilikuwa zinaniteleza, na kazini walianza kuniuliza kama naumwa. Nakula chapati tano, bado njaa.

Jioni hiyo nilivuta mara kumi tu, nguvu zikaisha. Nikaketi kitandani.

Saa ikaendelea kuhesabu.

Mia tatu... mia tano... mia saba...

Sikuwa nimeinua hata kidole.

Ndipo nikasikia kitu ukutani, upande wa Kaveke. Pumzi nzito. Halafu sauti kavu ya mtu mzee, ikihesabu kwa Kikamba.

"Imwe... ili... itatu..."

Niliingia kwao bila kubisha. Harufu ya dawa ya kuchua ikanipiga puani. Shosho alikuwa amesimama katikati ya chumba, mashavu yamejaa, jasho linamtiririka. Mikono yake ilikuwa inavuta hewa, vile vile ninavyovuta mimi.

Akanigeukia. Akatabasamu.

"Ongeza kumi."

Nilirudi kwangu mbio, nikashika kisu cha jikoni, nikauendea mpira. Kaveke akanifuata, akapiga magoti mlangoni.

"Usikate! Tafadhali, Akello. Tumechukua kidogo tu. Si ni wewe ulisema mwili umezidi?"

"Mtaniua!"

"Sina mama mwingine."

Nikakata.

Upande wa pili wa ukuta, kitu kizito kikaanguka sakafuni. Namba kwenye saa zikasimama.

Tulimzika shosho kijijini kwao, Ngoliba, Jumamosi. Daktari alisema ni stroke ya pili, na mimi nilitaka sana kumwamini.

Majirani walipoanza kuondoka, nikainuka niwafuate. Mjomba wake Kaveke, mzee Maluki, ambaye sikuwa nimewahi kumwona, akanishika mkono juu ya kiwiko. Akaufinya taratibu, kama mtu anayenunua mbuzi.

"Ni huyu," akawaambia wenzake.

Wakaniketisha. Wakaniletea wali na nyama. Nilipomaliza, wakaleta sahani nyingine. Hakuna aliyekula nami. Walisimama tu, wakinitazama nikitafuna. Nyuma yao, ndani ya nyumba, kulikuwa na mtu anakohoa... anakohoa...

Kaveke akainama sikioni mwangu.

"Kula, Akello," akanong'ona. "Kula unenepe."